Kung'oa Uso wa Gari

Kazi yangu ni kung'oa meno. Ninaifanya katika kituo kidogo cha afya hapa Bukavu, na nalisema mapema kwa sababu ni kazi hiyo iliyonipotosha. Mtu anayeshinda akivuta vitu vilivyokataa kutoka huanza kuamini kwamba mkono wake una kipaji, na kwamba kipaji hicho kinafaa kwa kila kitu. Mke wangu, ambaye ananiona nje ya kazi, hajawahi kuamini hivyo.

Mambo yalianzia Miti, nje ya mji. Kijana wetu wa kwanza alikuwa amepata mchumba huko, nasi tulikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Gari langu ni la Kijapani, usukani upande wa kulia, kuukuu kiasi kwamba kwenye karatasi limeandikwa buluu, lakini ukiliona utauliza. Nilipoliegesha uani kwao, shangazi wa msichana, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha manjano kichwani, alilizunguka polepole, mikono mgongoni, kama anayekagua ng'ombe sokoni. Akaja akasimama mbele yake.

"Hii gari iko na huzuni," akasema. "Ku kwabo balifiwa?"

Watu wote wakacheka. Mimi pia nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote, lakini maneno yake nilirudi nayo hadi nyumbani Nguba. Kesho yake asubuhi nilichuchumaa mbele ya gari langu na kulitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nilinunue. Shangazi alikuwa amesema kweli. Ile kalandri, maana ndivyo tunavyoiita hapa ile sura ya plastiki iliyo kati ya taa mbili, yenye vijiti vilivyolala vya kupitisha upepo hadi kwenye radieta, ilikuwa imepauka kwa jua na kulegea katikati. Pembe zake mbili zimeelekea chini. Gari lilikuwa na mdomo wa mtu aliyeambiwa arudi kesho.

Ziara ya pili ndiyo ingekuwa ya mahari. Msemaji wetu angekuwa kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, mzee mkali anayependa mambo yaende kwa mpango. Nikajiambia kwamba hatuwezi kwenda kuomba binti wa watu kwa gari linalolia.

Kwenye simu nikapata video. Kijana fulani, akiongea lugha nisiyoijua hata neno moja, alifungua kapo, kile kifuniko cha injini, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akavuta, na kalandri ikamjia mkononi kama kofia. Niliitazama tena na tena, nikitikisa kichwa kwa ujuzi. Mwishowe nikaona ninamwelewa hata anavyosema.

Jumamosi nikavaa koti langu kuukuu la kazini, nikatandika gunia chini, nikapanga turnevisi mbili, yaani bisibisi, msumeno mdogo wa chuma, na koleo zangu za meno za zamani ambazo kituo kilikuwa kimezitupa. Mke wangu akatoka na beseni la nguo.

"Papa, unafanya nini?"

"Ninaitengeneza gari kidogo."

"Iliharibika?"

"Hapana."

"Sasa unatengeneza nini?"

Nikainama kama daktari ambaye hapendi kusumbuliwa. Vishikizo vya juu vilitoka vizuri. Vya chini ndivyo vilivyonishinda. Katika video vilikuwa viwili, na kijana alivibonyeza kwa kidole kimoja. Vyangu vilikuwa vimejificha ndani, pamoja na vumbi la miaka yote ya barabara zetu, vigumu kama gego la mwisho kwa mtu mzima. Nikavikamata kwa koleo. Nikafanya kama ninavyofanya kazini: kutikisa polepole kushoto, kulia, kushoto, nikisema kwa sauti ya upole, "Bado kidogo, bado kidogo." Kisha nikavuta. Kulisikika mlio ambao katika kazi yangu humaanisha kwamba mzizi umebaki ndani. Vishikizo vyote vya chini vilikatika, na kalandri ikatoka pamoja na kipande cha bampa ambacho sikuwa nimekiomba.

"Imetoka!" nikapaza sauti.

"Nimesikia," mke wangu akajibu kutoka kwenye kamba ya nguo.

Nyuma ya kalandri palipita kamba nyembamba ya chuma, ile ambayo ukivuta kishikio chini ya usukani, inafungua kapo. Ilikuwa inanizuia kusafisha, basi nikaichomoa kwenye ndoano yake na kuiweka kando, nikiwa na nia kamili ya kuirudisha.

Halafu nikaingia kwenye mapambo. Nikavikata vile vijiti vyote vya katikati kwa msumeno, na mahali pake nikaweka wavu wa waya nilioununua soko la Kadutu. Safu moja ilionekana kama mlango wa banda la kuku, nikaongeza ya pili juu yake. Nikapuliza rangi nyeusi ya kopo, mikono mitatu ya rangi, hadi matundu mengi ya wavu yakaziba, jambo nililoliona kuwa uzuri. Pembeni nikapitisha rangi ya dhahabu. Upepo kutoka ziwani ulikuwa unavuma kuja kwangu, na kwa muda mrefu nilifikiri ukungu umeingia mjini, kila kitu kinakuwa cheusi polepole, mpaka mke wangu aliponivua miwani na kunionyesha vioo vyake vilivyojaa rangi.

Kwa kuwa vishikizo vilikuwa vimevunjika, nilirudisha kalandri kwa gundi, ile ya kushikisha chuma, ambayo muuzaji aliniapia kwamba haitaachia mpaka siku ya mwisho. Juu yake nikaongeza skrubu. Nikafunga kapo, likalia vizuri, nikarudi nyuma hatua chache kutazama. Huzuni ilikuwa imekwisha kabisa. Sasa gari lilikuwa na uso wa mtu anayelinda mlango wa baa.

"Unaona aje?" nikamuuliza mke wangu.

Alilitazama usoni. "Sasa bataogopa," akasema, akaingia ndani.

Siku ya mahari ilipofika, mke wangu alifunga mwenyewe utepe mkubwa mweupe katikati ya kalandri, ua pana kama sinia. Nadhani alitaka kuificha, lakini wakati huo nililichukua kama pongezi. Yeye akakaa mbele na kikapu cha zawadi, Yaya akakaa nyuma peke yake, kofia magotini. Kijana wetu na wenzake walikuwa wametangulia kwa gari lingine lenye vinywaji.

Tulipoingia barabara ya Kavumu, inayopitia Miti, watu walikuwa wanageuka kututazama. Niliendesha mkono mmoja nje ya dirisha. Katika mlima wa kwanza niliona mshale wa joto umenyanyuka kidogo. Katika mlima wa pili ulikuwa unapanda pamoja nasi.

"Kuko harufu," Yaya akasema.

"Ni rangi, Yaya. Iko mupya."

"Rangi inanuka kama maji ya moto?"

Nikamwambia tumekaribia. Nilijua kabisa kuna kitu, lakini kusimama njiani, mbele ya Yaya, na kukiri kwamba mapambo yangu yamelinyima gari pumzi, kulinishinda. Nilizima hata redio, kana kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa inachosha injini.

Wakwe walikuwa wametuandalia mapokezi. Wanawake wamesimama mistari miwili kutoka kwenye lango hadi kwenye turubai, wakiimba, wakipiga makofi, na shangazi wa kitambaa cha manjano akiwa wa kwanza. Niliingia katikati yao taratibu, kwa heshima, na hapo ndipo mvuke ulipotoka. Ulitoka kila upande wa kapo, mweupe, mzito, wenye kupiga mluzi. Wimbo ukakatika. Wanawake wakatawanyika wakishika vitenge. Kwa sekunde kadhaa sikuona nyumba, sikuona turubai, wala wakwe. Niliona ua jeupe tu likitikisika katikati ya moshi.

Baba wa msichana akatokea, mzee mrefu mwenye suti ya kijivu. "Asinge!" akatusalimu kwa Mashi, lugha ya huko, kwa adabu, kama ambaye haoni kitu. Kisha akainama dirishani. "Mukwe, munakuya na moto?"

"Ni maji tu, mukwe. Tunafungua kapo, inapoa."

Nikavuta kishikio chini ya usukani. Kikaja laini, chepesi, bila uzito wowote, kama uzi uliotoka kwenye sindano. Nikavuta tena. Na hapo nikaiona akilini ile kamba ya chuma, imelala kando mahali nilipoiweka Jumamosi ile, nikiwa na nia kamili ya kuirudisha.

Nikatoka nje kuwaeleza. Ni maelezo mafupi, lakini yalinichukua muda. Kapo haliwezi kufunguka kwa ndani. Linaweza kufunguka kwa mbele, kwa kuingiza mkono nyuma ya kalandri. Na kalandri haiwezi kutoka, kwa sababu nimeibandika.

"Uliibandika na nini?" Yaya akauliza kupitia dirisha. Hakuwa ameshuka. Nadhani alikuwa bado anafikiria kusema kwamba yeye hatujui sisi.

"Na gundi, Yaya. Na skrubu."

Kijana wetu alikuja mbio na tai yake mpya, akaona, akashika kichwa. Injini nilikuwa nimeizima, lakini mvuke ulikuwa unaendelea kulia, na mtu mmoja nyuma akasema kwamba vitu vya namna hiyo hupasuka. Wageni wakarudi nyuma. Mzee wa suti ya kijivu hakurudi. Alinitazama, akaitazama kalandri, akavua koti na kumpa shangazi.

"Mukwe, kijana alituambia weye ni munganga wa meno."

"Njo vile."

"Basi tung'oe."

Tukazungusha vitambaa mikononi kwa sababu ya joto. Yeye akashika upande wa dhahabu wa kushoto, mimi wa kulia. Tukaegemeza miguu kwenye bampa, wazee wawili katika viatu vya sherehe, makalio nje, mbele ya koo mbili zilizokusanyika. Nikasema tutatikisa kwanza, kushoto, kulia. Akafuata bila kubisha. Kwa mazoea nikajisikia ninasema kwa ile sauti ya upole, "Bado kidogo, bado kidogo," na yeye, sijui kama alikuwa ananicheka au ananisaidia, akaitikia, "Bado kidogo."

Kisha tukavuta, na yote ikaachia kwa mara moja. Tulianguka chali kwenye nyasi, bega kwa bega, kalandri juu ya vifua vyetu, na ua jeupe usoni mwa mkwe.

Nilikuwa nimelala pale nikitazama mawingu, nikipanga namna ya kuhama mkoa. Shangazi akasogea mpaka mbele ya gari, akachungulia lile shimo kubwa.

"Eeh," akasema. "Leo inacheka."

Mkwe akaanza kutikisika kando yangu. Nilidhani ameumia. Alikuwa anacheka, bila sauti, machozi yakimtoka, na nilipojaribu kumwinua akanirudisha chini kwa sababu alikuwa hajamaliza. Halafu uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Vijana wakafungua kapo kwa kidole kimoja tu, na wanawake wakaanza wimbo upya, ila sasa walikuwa wameongeza maneno ambayo sikutaka kutafsiriwa.

Mtu asidhani kicheko kilitupunguzia ng'ombe. Hakikutupunguzia hata mkia. Chini ya turubai walikuwa watu wengine kabisa, wagumu, na Yaya alitoa jasho la halali. Lakini ulifika wakati wa kumleta msichana, na baba yake akamuuliza mbele ya wote, kama desturi inavyotaka, ikiwa anawajua wageni hawa.

Akatutazama mmoja mmoja. Nilikuwa na majani nyuma ya shingo na rangi ya dhahabu kwenye vidole.

"Ninabajua, Papa," akasema. "Ni ba kwetu."

Sikujua kwamba nitalia. Nilijifanya ni mvuke.

Jioni, injini ilipopoa na radieta kujazwa maji, tulirudi mjini na lile shimo wazi. Upepo uliingia wote, na mshale wa joto haukuthubutu kunyanyuka. Mke wangu alipakata kalandri magotini njia nzima, kwa sababu alikataa tuwaachie wakwe takataka siku ya mahari. Kila tulipopita kwenye taa za duka aliigeuza kidogo, akiikagua kama mtu anayetafuta kitu cha kusifia.

"Hii dhahabu uliipaka muzuri," akasema mwishowe.

Nimenunua kalandri nyingine tayari, ya kawaida, nyeusi, ya gari la aina ileile. Iko nyuma ya mlango wa chumba, ndani ya karatasi yake. Mke wangu amesema ataiweka yeye mwenyewe, siku nitakapokuwa safarini.