Kocha Aliyejua Kuomba

Upumbavu wangu ulikuwa huu: nilimpigia kura kocha kwa sababu anaomba vizuri. Timu ya mpira ya chuo chetu cha watu wazima pale Tensta, mtaa wetu huku Uswidi, ilipandishwa daraja na kocha mama mmoja Mswidi, mkimya. Alipostaafu, sisi wanakamati tukamweka shemasi wa kanisani kwetu. Mpira wenyewe niliujulia kwenye kochi mbele ya televisheni, blanketi magotini.

Shemasi aliombea mazoezi mpaka wachezaji wakafa ganzi kwa baridi. Tukashuka daraja, tukashuka tena, na wazuri wakahamia timu ya mtaa jirani wa Akalla. Waliobaki hawakutosha timu.

Nikamfariji jirani yangu Mkongo, mama wa golikipa, kwamba Mungu ana mpango wake.

“Baba, Mungu hajashuka daraja. Mmeshuka ninyi. Tafuteni kocha.”