Viatu vya Dominika

Jumamosi, mkesha wa Dominika ya kwanza ya Majilio, nilimtembelea jirani yangu hospitalini hapa Likasi. Alivunjika miguu machimboni Kamatanda, na daktari hajaahidi kwamba atatembea tena. Mkewe aliingia na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Muuguzi akacheka:

«Maman, huyu hawezi hata kuikala ku kitanda. Viatu ni ya nini?»

«Ni ya misa, mwana yangu. Miye naombaka Mungu atembee. Akimusimamisha kesho, ataenda ku misa bila viatu?»

Mgonjwa, aliyekuwa ameugeukia ukuta, akageuka: «Na soksi ulileta?»

Muuguzi akainama, akavipanga viatu chini ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni. Nami, ninayesali kwa ufasaha tangu utoto, niliondoka nikijiuliza kama nimewahi kumpelekea Mungu hata kamba za viatu.