Miguu Iliyoachwa Hewani Katika Kengele ya Maziwa

Anayewajibika kwa maziwa yaliyoharibika katika kituo chetu ni mwenyekiti wa kamati ya ushirika. Si mama mjane anayetunza tangi la kupozea. Nalisema mwanzoni kwa sababu kamati imeitisha mkutano wa kumnyang'anya mama huyo ufunguo wa kituo, na nisingependa mwanachama yeyote adai kwamba hakuambiwa.

Kengele ya tangi aliiunda mwenyekiti mwenyewe, ambaye ana kibanda cha kutengeneza redio karibu na mtaa wa Mawenzi. Kazi yake ni kulia maziwa yakianza kupata joto. Ikawa inalia hata yakiwa baridi kama maji ya mlimani. Mama aliacha ng'ombe wake bila majani, akakimbilia kituoni, akakuta hakuna kitu. Kesho yake vivyo hivyo. Siku mtambo wa kupoza ulipozima kweli, hakukimbia tena. Maziwa ya majirani wote yakamwagwa migombani.

"Kengele ililia, yeye akakaa," mwenyekiti alituambia.

Hilo ni kweli. Lakini utumishi wa umma ulinizoeza kuuliza na swali la pili: kwa nini ilikuwa ikilia bure?

Kwa ruhusa ya mama, niliibeba kengele hadi kwa dada yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa fizikia. Tukaifungua barazani kwake.

"Chipu hii ina miguu minane, kaka, na ndani yake amplifaya mbili. Moja inafanya kazi. Nyingine imelala."

Tulianza na inayofanya kazi. Kihisi kinachozamishwa kwenye tangi hutoa umeme mdogo mno, usioweza kuamsha kengele. Amplifaya huukuza, na kiasi cha kuukuza huamuliwa na rezista mbili, vipande vinavyozuia umeme: moja hurudisha umeme kutoka mguu wa kutokea hadi mguu hasi wa kuingilia, nyingine huunga mguu huo hasi na ardhi, yaani sifuri ya umeme. Ya kwanza ilikuwa kubwa mara kumi kuliko ya pili.

"Basi inakuza mara kumi," nilisema.

"Mara kumi na moja. Unagawa, halafu unaongeza moja. Huko serikalini hamkujumlisha?"

"Tulijumlisha, mwalimu. Hatukuongeza."

Nilitaka kuona kwa mita ya umeme, nikaona. Hapo mwenyekiti hakukosea, na kwa haki nalitaja.

Kisha tukatazama miguu ya ile iliyolala. Haikuungwa popote. Nilisogeza kidole bila kuigusa. Mshale wa mita ukaruka, kengele ikapiga kelele. Nikakiondoa, ikanyamaza. Nilirudia zaidi ya ilivyohitajika.

"Mguu wa kuingilia ukiachwa hewani hauko kwenye sifuri," dada alieleza. "Unaokota chochote: mkono wako, nyaya za mtambo. Amplifaya inaweweseka, inatikisa umeme ambao mwenzake anautegemea."

Nikakumbuka mfongo, mfereji unaoshusha maji ya mlima kwenye vihamba vyetu, mashamba yanayozunguka nyumba. Msimamizi wake ni mwenyekiti huyuhuyu. Msimu uliopita alimtoza jirani yangu faini ya mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kuacha wazi mdomo wa tawi asilolitumia. Alisimama matopeni akifoka, "Tawi usilolitumia lizibe! Ukiliacha, maji yatajiamulia!"

Nilipomsimulia hayo, dada alicheka hadi akaweka mita chini. "Kumbe dawa anaijua!"

Akalehemu waya kutoka mguu wa kutokea wa amplifaya iliyolala hadi mguu wake hasi. Mguu chanya akauunga katikati ya rezista mbili zilizo sawa, zinazogawa umeme wa betri nusu kwa nusu, ili upate pa kutulia. Nilisogeza kidole. Kimya. Nikafumbata kihisi kiganjani kipate joto. Kengele ikalia, kama ilivyopaswa.

Tulipoirudisha kituoni, mama alisimama mbali nayo. "Mzee, ikilia si watasema nimeigusa?"

"Sogea, mama. Weka mkono hapo juu."

Akauweka, akasubiri. "Mbona leo hainisemi?"

Kwa hiyo namtaka mwenyekiti asimame mbele ya wanachama kabla suala la ufunguo halijaguswa, aeleze kwa nini alikabidhi kengele ambayo hakuijaribu. Afute tuhuma dhidi ya mama kwa sauti ileile aliyoitolea. Ufunguo ubaki ulipo. Na kwa kuwa sheria ya tawi lililoachwa wazi ni yake mwenyewe, alete mtungi wa mbege.