Mdalasini Kwenye Kopo la Biskuti

Sina ardhi katika nchi tatu, na ninalala usingizi mzuri. Hapa Guildford, magharibi mwa Sydney, nyumba ninayokaa ni ya kupanga. Kwetu milimani Uluguru, shamba la mama yangu ni la dada zangu, na baada yao litakuwa la mabinti zao. Na kule Sumatra, kijijini kwa mke wangu, chumba tunacholala tukienda likizo ni chake yeye, na siku akiamua kunifungia mlango hakuna mjomba wala shehe atakayenitetea. Rafiki zangu walioko Dar huniuliza mwanamume mzima naishije namna hiyo. Nawaambia naishi kama marehemu baba yangu, aliyehamia kwa mama, akalima pale mpaka nywele zikawa nyeupe, na alipofariki hakuna aliyegombania mirathi kwa sababu vyake vilikuwa redio na baiskeli tu. Sijapata kumwona mtu aliyecheka kuliko yeye.

Sisi Waluguru tunafuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa hiyo nilipokutana na mke wangu kwenye foleni ya biriani, baada ya sala ya Idi, akanionya mapema kwamba kwao Minangkabau nyumba na mashamba ni ya wanawake, na mume ni mgeni wa kuheshimiwa tu, nilicheka mpaka nikamwaga mchuzi. Alikuwa amelisema jambo hilo kwa sura ya mtu anayetoa habari za ugonjwa. Nilimwambia mimi nimezaliwa humo humo, mgeni wa kuheshimiwa ndiyo kazi niliyosomea.

Binti yetu alipofikisha miaka minne tukampeleka kwa bibi yake. Kijiji kiko juu, kwenye baridi ya kuvaa sweta asubuhi, na majaruba ya mpunga yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni. Nyumba ya ukoo ni ya mbao, imenyanyuliwa juu ya nguzo, na paa lake limejikunja kwenye ncha zote mbili kama pembe za nyati. Upande wa nyuma vyumba vimejipanga mstari mmoja, kila binti na chake. Mama mkwe ana binti mmoja tu, mke wangu. Vyumba vingine ni vya mpwa wake, ambaye ni binamu ya mke wangu, na watoto wake wawili wa kike.

Bibi alimshika mjukuu mkono, akafungua chumba cha mke wangu, akamwambia kwamba hiki ni cha mama yako, na kesho ni chako, pamoja na majaruba matatu yale pale chini yenye bata. Mke wangu akatafsiri. Mtoto akauliza, kwa Kiingereza, kama chumba kina waifai. Huyo ndiye mrithi tuliyemzaa. Anaelewa Kiswahili changu na anaelewa lugha ya mama yake, na wote wawili anatujibu kwa Kiingereza.

Nilikipenda kile kijiji, sifichi. Nilipenda kuwaona wanawake wazee wakijadili lini maji yafunguliwe kwenye majaruba, na wajomba wakisubiri waambiwe ili wakatangaze kwa sauti nzito kana kwamba wao ndio waliokata shauri. Nilipenda ile chai wanayopika kwa majani ya mkahawa, wanakunywa kwenye kifuu cha nazi. Wanaume tuliooa pale tulikuwa tukikaa kibarazani bila cheo chochote, tukipewa nyama iliyonona. Jioni nilijiona niko kwetu kabisa, ila hakuna aliyenisalimia Kiluguru.

Asubuhi ya mwisho, mke wangu akiwa kisimani na binamu yake, mama mkwe aliniita uani. Yeye na mimi hatuna lugha ya pamoja. Tuna maneno machache ya Kiarabu yaliyotufikia wote, kama dunia, wakati, habari na sabuni, na kwa maneno hayo huwezi kwenda mbali. Alikuwa ameshika mche wa mdalasini kwenye kifuko cha plastiki. Akanionyesha mahali nyuma ya ghala la mpunga, akanipa jembe.

Mdalasini naujua. Kule ndio akiba ya nyumba, magome yake yameanikwa kando ya barabara kila unapopita, na kwetu Uluguru pia tunaulima. Mkono wangu ulishaufikia mche ndipo nikakumbuka adabu. Kwetu, mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wenyewe hupanda mahindi, maharage, vitu vya msimu. Mti hapandi. Mti unakaa kuliko mtu, na anayeupanda anawaambia wenyeji kwamba hapa sasa ni pangu. Nilishamwona mjomba wangu, mtu mpole kabisa, aking'oa michungwa ya shemeji yake mbele ya watu wote, na shemeji hakuthubutu kunung'unika kwa sababu alijua alichokuwa anakitafuta. Nikaona mama mkwe ananipima. Nikamrudishia jembe kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikasema kwa lugha yao, "Hapana, Mama."

Nilijisikia vizuri mno. Niliona nimefaulu mtihani. Yeye aliutazama mche, akaingia nao jikoni, na hakutoka mpaka gari lilipokuja kutuchukua. Mke wangu sikumwambia, maana mtu hajisifii adabu yake.

Baada ya hapo simu za Jumapili zikapoa. Mama mkwe alikuwa akituuliza hali ya hewa, akimwangalia mjukuu kwenye skrini, basi. Kisha siku moja akasema, kwa upole, kwamba anafikiria kile chumba na yale majaruba awape watoto wa binamu, kwa kuwa wao wapo na wa kwetu ameshakuwa wa huko. Kikao cha ukoo kitakaa atakaporudi kutoka Sydney, kwa sababu tulikuwa tumeshamkatia tiketi aje kututembelea.

Mke wangu alilia jikoni, sufuria ikaungua. Si kwamba alitaka mpunga. Alikuwa amezaliwa kwenye chumba kile, na mama yake alizaliwa humo, na sasa binti yetu atafika pale kama mtalii, alale sebuleni. Alijilaumu kwa kusafiri. Alisema kwao wanaosafiri ni wanaume, wanawake ndio wanaobaki kuishika nyumba, naye ameondoka. Mimi nilimshika bega, nikaepua sufuria. Mambo ya ukoo wa mke, mume hayatii mdomo, na hilo nalo mjomba alinifundisha. Ile adabu yangu ilikuwa imeshatuponza mara moja, na bado niliishikilia.

Hapa niseme kidogo kuhusu bustani yangu, kwa sababu ndiyo iliyotuokoa. Yote iko kwenye ndoo. Mchicha, bamia, matembele, mchaichai, kila kimoja na ndoo yake ya rangi niliyoiokota kazini Seven Hills, ninakotengeneza viyoyozi. Mgomba uko kwenye pipa la plastiki nililolikata nusu. Jirani yetu, Mkongomani aliyetoka Bukavu, kila akipita uzioni hunicheka. "Mwenzangu, ile mgomba iko nalia," huniambia. "Tia yake mu udongo, quand même." Ananisihi angalau niupande ardhini, nami namjibu kwamba nyumba ni ya watu.

Mama mkwe akaja, mwezi wa Agosti, baridi ikiwa bado kali. Pilipili zake zilizokaushwa zilibaki kwa watu wa karantini uwanja wa ndege, na jambo hilo lilimuuma kuliko safari yenyewe. Alivaa jaketi langu la kazini juu ya baibui. Ni mkulima, kukaa hawezi. Tukienda kazini na mtoto akienda shule, yeye alikuwa akizunguka uani, akigusa ndoo moja moja, akitikisa kichwa.

Siku moja nikarudi mapema. Nikapita pembeni ya nyumba, nikamkuta amechimba shimo katikati ya majani ya mwenye nyumba, shimo zuri la kitaalamu, na amelilaza pipa ubavuni anauvuta mgomba wangu kwa mikono yote miwili. Nilitupa begi. Nilikimbia na mabuti yangu nikaudaka mgomba kwa chini, nikasema yale yale niliyosema mara ya kwanza, "Hapana, Mama."

Alisimama wima. Akauachia. Mke wangu alikuwa ametoka mlangoni, kwa kuwa siku ile hakuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na mama yake akamwambia maneno machache kwa sauti ya kawaida tu. Mke wangu akageuka kunitazama kama hanijui.

"Anasema hata kwako unakataa kuupa mti ardhi," akasema. "Anasema alikupa mdalasini ukaukataa. Mche gani? Ulikataa nini?"

Nikajieleza, nikiwa bado nimeukumbatia mgomba. Nikasema kwanza hapa si kwangu, agent wa mwenye nyumba akija inspection akakuta shimo tutatoka sisi na ndoo zetu. Halafu nikasema habari ya Uluguru, mgeni na mti, mjomba na michungwa, kwamba nilikataa kwa heshima na si kwa dharau. Mke wangu alitafsiri, na kadiri alivyotafsiri ndivyo mdomo wake ulivyoanza kucheza. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kweli kwetu nako ardhi ni ya kina mama. Nikasema kweli. Alikuwa ameambiwa zamani, lakini alidhani binti yake anampamba mume.

Akakaa juu ya ndoo tupu iliyogeuzwa. Akasema kwao pia mtu aliyeazimwa jaruba hapandi mti, na angeupanda wangeung'oa siku hiyo hiyo. Kisha akanitazama mimi moja kwa moja, na mke wangu akawa anasema nyuma yake neno kwa neno.

"Lakini wewe hukuazimwa. Wewe ni baba wa mwenye shamba. Nilikupa mche ili uwe na kitu cha kurudi kukiangalia. Ulipoukataa, nikajua hamrudi tena."

Nilisikia aibu na furaha kwa pamoja, sijui ipi ilitangulia. Miezi yote ile tulikuwa tumeogopa kwamba anatufukuza, kumbe yeye alikuwa anaomboleza. Mke wangu alimfuata mama yake pale chini, akamwegemea, wakalia kidogo na kucheka sana. Mimi niliurudisha mgomba kwenye pipa nikafukia shimo, na majani nikayapanga juu vizuri, maana agent ni agent.

Wakati wa chakula nikauliza ule mche uliishia wapi. Akasema uko kwenye ngazi za jikoni, kwenye kopo la biskuti. Unakua kwa shida. Kuupanda mwenyewe hakuweza, kwa sababu alishamkusudia mtu, na kuutupa alishindwa. Na chumba hakijapewa mtu. Kikao angekiita mwenyewe, na hatakiita.

Nikasema basi nitaupanda, kama ananiruhusu. Mama mkwe akachukua kipande cha samaki, akakitoa miba taratibu, akakiweka kwenye sahani ya mjukuu wake.

"Mimi ninaelekea kaburini," akasema. "Muombe mwenyewe."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa na miaka sita, mashavu yamejaa wali. Nilikaa vizuri, kama ningekaa mbele ya wazee wa ukoo, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba naomba ruhusa kupanda mti mmoja kwenye shamba lake, nyuma ya ghala. Alitutazama wote aone kama tunamtania. Hakuna aliyecheka. Akauliza, kwa Kiingereza chake, nani atakuwa anaumwagilia sisi tukiwa huku. Nikasema bibi yako.

Akatafuna, akafikiri. Akasema sawa, nimeruhusiwa, lakini kila likizo ndefu lazima twende wote kuukagua, kwa sababu bibi ni mzee na anaweza kusahau.

Mke wangu alipomaliza kutafsiri, mama mkwe alifunika uso kwa ncha ya mtandio wake.

Tulienda likizo ya Desemba. Mche ulikuwa palepale kwenye ngazi, umejikunja ndani ya kopo, mizizi imezunguka kama uzi. Nilichimba nyuma ya ghala, wajomba wakitazama kutoka kibarazani na bata wakitusumbua. Mwenye shamba alisimama karibu, akaangalia kama shimo linatosha, akasema bado, nikaongeza. Tulipomaliza alininyooshea mguu wake wenye matope, kamba za kiatu zilikuwa zimefunguka na hajui kuzifunga. Nikapiga goti nikamfungia.