Swali la Pili la Nyongeza

Walisema lori langu halitamaliza hata msimu mmoja. Walisema likishuka bonde la kwanza baada ya Matai halitapanda tena, na kwamba mtu aliyekaa Zambia miaka yote ile, akifunga nati mchana na kusoma jioni, amesahau jinsi udongo wa Ufipa unavyokamata tairi mvua ikinyesha. Jirani yangu pale Malangali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinikuta naliosha mbele ya nyumba akasimama kunitazama.

"Stashahada haivuti lori, bwana Mzambia."

"Haivuti," nikamjibu, "lakini inajua lini libebe na lini lipumzike."

Ninayo stashahada ya usafirishaji. Niliipata kwa masomo ya jioni, mikono ikinuka oili, wala sikulipiwa na mtu, kwa hiyo sioni sababu ya kuinyamazia. Nimeitundika sebuleni. Mgeni akichelewa kuiona, namhamishia kwenye kiti kinachoelekea ukuta huo.

Hata hivyo lori lile sikulisimamisha peke yangu. Nilirudi na injini, gia boksi na ujuzi, basi. Jirani yule yule, baada ya kumaliza kunicheka, aliniazima turubai jipya. Katekista mstaafu wa parokia yetu aliniazima tairi ya akiba iliyokuwa imelala stoo kwake. Shangazi alinikopesha mahindi, magunia aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya harusi ya bintiye. Na mdogo wangu alitoa maksai wake wawili, wale aliowafunza mwenyewe kulima, ili nipate chasisi.

"Utanirudishia maksai, kaka," aliniambia. "Usiniletee fedha. Fedha sijui kuifunga jembe."

Kwa kuwa alikuwa amebaki bila ng'ombe wa kulimia, nilimpa usukani. Sijapata dereva kama yeye. Lori lilimtii kama walivyomtii maksai wake, na nadhani alilisemesha kwa maneno yale yale. Kila alipopita mbele ya nyumba ya mama, iliyo kando ya barabara ya kwenda mpakani, alipiga honi mara mbili, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi. Mama alitoka na kibuyu cha togwa ya ulezi. Mdogo wangu alikunywa bila kuzima injini, akarudisha kibuyu dirishani, akaondoka. Mara nyingi nilikuwa nimekaa kando yake nikijifanya nasoma hati za mzigo. Sasa ningetoa hati zote nilizowahi kusaini ili nikae tena pale, ninywe mabaki ya togwa yake.

Lori lilimaliza msimu wa kwanza, likamaliza wa pili. Msimu wa tatu mdogo wangu aliporwa.

Ilikuwa alfajiri, akipeleka maharage ya mfanyabiashara mmoja mpakani. Alikuta magogo barabarani, kwenye mteremko usio na nyumba. Watu walitoka majanini. Walichukua maharage, turubai, tairi ya akiba na betri, wakavuka navyo upande wa pili kwa njia za ng'ombe. Alitembea mpaka kituo cha polisi. Pale aliambiwa gari la kuwafuatia halina mafuta, na kwamba kwanza aeleze ilikuwaje wezi wakajua siku ya safari yake. Akalala ndani. Walipomwachia hawakumfungulia shitaka, lakini mjini tayari lilikuwepo. Kwenye kahawa, sokoni, hata nje ya kanisa, watu walilisema kwa sauti ya chini ambayo inasikika vizuri: dereva ameuza mzigo.

Mwenye maharage alimwambia usoni. Mdogo wangu hakubishana naye. Wiki iliyofuata aliaga.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Mbala, ng'ambo ya mpaka, kwa mjomba. Ana mashine ya kusaga, anahitaji mtu."

"Na lori?"

"Tafuta dereva. Mimi nitarudi siku nitakayopita barabara ile bila mtu kuniita mwizi."

Nilipata dereva mwingine, kijana mzuri, makini. Hakujua habari ya honi, nami sikumfundisha. Lakini mama aliendelea kutoka na kibuyu kila aliposikia lori linapanda, likiwa langu au la mtu mwingine, akasimama mlangoni mpaka lilipopita. Kutoka kwake kwenda Mbala si mbali. Mtu wa pikipiki anakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mdogo wangu hakuja, hata Krismasi.

Mbunge mmoja wa kwetu, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu, alikuja Matai kukutana na wasafirishaji. Wenzangu walizungumzia ushuru. Mimi nilisimama, nikajitambulisha pamoja na stashahada yangu, nikazungumzia mteremko ule, gari lisilo na mafuta na dereva aliyegeuzwa mtuhumiwa. Akaniambia niandike.

Niliandika kurasa nne, na mpaka leo naamini zilikuwa nzuri. Yeye alikata karibu zote kwa kalamu nyekundu, akinisomesha kama mtoto wa darasa la tano.

"Baba, hili ni swali, si hotuba. Swali la msingi tutauliza: lini Serikali itajenga kituo cha polisi eneo lile na kukipatia gari? Hilo litachapwa, na Naibu Waziri atakuja na jibu la karatasi."

"Na la dereva?"

"La dereva nitaliweka kwenye maswali ya nyongeza, yale ya papo hapo. Nikiliandika, watanijibu kwamba sheria zipo na zinafuatwa. Kwenye nyongeza atajibu kwa kichwa chake, na Taifa linasikiliza. Lakini nina nafasi mbili tu. Mwenyekiti akiona muda umekwisha, la pili linakufa."

Siku ya swali bungeni ilikuwa mwezi wa Juni, baridi ya kuuma vidole. Nilikwenda kwa mama. Tulikaa uani, mimi, yeye na shangazi, mahindi yameanikwa mbele yetu, redio juu ya kinu. Nilikuwa nimemtumia mdogo wangu ujumbe afungue redio. Matangazo yetu yanafika Mbala vizuri. Hakujibu.

Mbunge akaitwa. Akasimama, akasema: "Naomba swali langu lijibiwe." Akakaa.

Mama akanitazama. "Ndiyo hilo?"

"Ndivyo wanavyouliza, mama. Lenyewe limeandikwa."

"Kurasa zako nne ndiyo zimekuwa maneno hayo?" akasema shangazi. "Wifi, mwanao kasoma bure."

Naibu Waziri alijibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa ulinzi wa mpaka na wa wasafirishaji, na kwamba kituo kimewekwa kwenye mpango. Mbunge akasimama tena. Akaanza kushukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Naibu Waziri kwa majibu mazuri, akaanza kuwashukuru wananchi.

"Anashukuru nini sasa?" mama akauliza. "Kituo kiko wapi?"

"Mheshimiwa, uliza swali," sauti ya Mwenyekiti ikasema redioni.

Akauliza la kwanza: wakati tunasubiri jengo, je, Serikali haioni haja ya kuweka askari na gari pale hata kwa muda? Kisha akanyamaza kidogo, na katika kunyamaza kule nilisikia watu wakikohoa Dodoma. Nilijua muda unakwisha. Nilishika redio kana kwamba naweza kumzuia Mwenyekiti asizungumze.

"La pili. Dereva anaporwa, anatembea kwa miguu kwenda kutoa taarifa, analazwa ndani, anaachiwa bila shitaka, na mtaani anabaki mwizi. Je, nini kauli ya Serikali kuhusu dereva wa namna hii?"

Hapakuwa na karatasi. Ilisikika. Naibu Waziri alianza sentensi, akaiacha, akaanza nyingine. Mwisho akasema, na ninayakumbuka maneno yake kama ninavyokumbuka namba ya lori langu: "Mheshimiwa, dereva aliyeporwa akaja mwenyewe kutoa taarifa, huyo ni shahidi wetu. Si mwizi. Na kama alitendewa vinginevyo, tunasikitika." Kuhusu gari, akasema litapelekwa.

Mama aligeuza kichwa. "Kasemaje?"

"Kasema mwanao ni shahidi."

"Hilo nililijua. Sikuhitaji Dodoma," akasema, akainuka kugeuza mahindi. Alikaa ameyainamia muda mrefu, ingawa yalikuwa yameshakauka.

Kabla mvua hazijaanza, kontena la kuwa kituo cha muda lilishushwa juu ya mteremko, likapakwa rangi, askari wakaja na gari. Mwenye maharage, ambaye nilikuwa nimeshamfidia mzigo wake, alimwambia fundi mmoja kwamba huenda alimwonea kijana. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa kubwa. Lakini simu ya Mbala ilikaa kimya.

Basi nikaamua kulipa kila aliyenikopesha, kwa kitu kile kile alichotoa. Nilianza asubuhi moja ya Novemba. Katekista alipata tairi mpya, akaigonga kwa fimbo yake na kuniombea. Shangazi alipata mahindi yake na gunia la ziada. Jirani yangu alilikunjua turubai lote barabarani, akalikagua pande zote.

"Kumbe ilivuta, bwana Mzambia," akasema.

Akabaki mmoja. Maksai nilikuwa nimewanunua mnadani, wawili, mabega mapana. Niliwapakia, nikaendesha mwenyewe hadi Kasesya, mpakani, nikamtuma mtu avuke akamwambie mdogo wangu kwamba deni lake lipo upande huu na linakula majani ya watu.

Alikuja alasiri, na unga wa mashine kwenye nywele. Amekonda. Hakunisalimia kwanza. Alizunguka nyuma ya lori, akawatazama wale maksai meno na kwato.

"Huyu wa kulia hajafunzwa, kaka. Walikuona una stashahada."

"Utamfunza."

Aliweka mkono juu ya bodi. Kisha akanyoosha kiganja, nami nikampa ufunguo.

Kwenye kontena askari alitusimamisha. Akaangalia leseni, akaangalia kibali cha mifugo, akamwangalia dereva.

"Umetokea wapi?"

"Mbala. Ila mimi ni mtu wa hapa."

"Haya, kaka. Safari njema."

Aliondoa lori polepole. Sikumtazama, maana alikuwa akijifuta uso kwa bega. Hakusema kama atakaa. Alisema tu kwamba shamba la mama litalimwa na maksai hawa, na mengine tutayaona mvua ikiisha.

Tulipokaribia nyumba ya mama, alipiga honi mara mbili, kwa upole. Mama alikuwa tayari mlangoni na kibuyu, kama alivyosimama kwa kila lori. Mdogo wangu akalifikisha lori mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimpe usukani, akazima injini pale.