Nilimleta Bibi Kutoka Ng'ambo Aje Aseme Sisi ni Nani

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usinihurumie mapema. Usije ukasema walinichokoza, ingawa ni kweli walinichokoza. Usiseme ndugu zangu ni wabaya, maana ndugu wabaya kila ukoo unao na watu wanaishi nao. Aliyeibomoa nyumba ya baba yangu ni mimi, binti yake wa kumzaa, kwa mdomo wangu, mchana kweupe, mbele ya waumini.

Mimi ni mjane wa makamo, nauza vitenge Tunduma, hatua chache kutoka yanapopanga foleni malori ya kuvuka mpaka. Lakini kwetu hasa ni huko juu, upande wa Itaka, kwenye kilima ambacho sitakitaja jina. Babu yetu mkuu ndiye mtu wa kwanza kuwasha moto pale. Alitoka ng'ambo, upande ambao leo ni Zambia, enzi ambazo hakuna aliyejua mpaka ni mnyama gani. Alipanda milima akiwa na mke, jembe na mbwa. Akakuta msitu na nguruwe pori, akafyeka. Wote waliokuja baadaye waliomba kwake pa kujenga. Hadithi hiyo tulilishwa pamoja na uji.

Babu mkuu aliacha wana wawili. Mmoja alimzaa baba yangu. Mwingine alimzaa baba mdogo, ambaye nitamwita Amosi, ingawa si jina lake. Kilima kikagawanywa katikati, kahawa yao huku na kahawa yetu kule. Baba na Amosi walichunga ng'ombe pamoja na wakabatizwa siku moja. Ila baba alikuwa mpole kupita kiasi. Amosi akisema kikao ni kesho, basi ni kesho. Akisema mti ule ukatwe, baba anatafuta shoka. Mimi upole ule ulikuwa unanichoma roho. Nilidhani ni uoga.

Sasa mama yangu akafariki. Tumefika msibani, wanaume wanatafuta pa kuchimba, nikamsikia kijana mkubwa wa Amosi akiwaelekeza: "Chimbeni pale pembeni mwa kahawa. Na hawa ni ndugu zetu, lazima tuwape nafasi."

Tuwape nafasi! Kwenye kilima cha babu yetu, mama yangu anapewa nafasi kama mpangaji. Baba alisikia, akainama akaokota kijiti. Mimi nilikwenda jikoni. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anamenya ndizi akanivuta kando, akaninong'oneza kwamba yapo maneno ya zamani kuwa kati ya wale wana wawili wa babu mkuu, mmoja hakuwa wa damu. Nikamuuliza ni yupi. Akasema hajui, na hata angejua asingesema.

Mimi nilijua ni yupi. Nilijua palepale, kwa hasira tu: ni babu yao. Nikajiambia, anayejisifu sana ndiye mwenye cha kuficha. Ona akili hiyo.

Hapa lazima nikueleze jambo la kwetu. Mtu akishaingizwa nyumbani, akala chungu kimoja na watoto wa nyumba hiyo, amekuwa mtoto. Anapewa jina la ukoo, analipiwa mahari, anakatiwa shamba. Wanaojua alikotoka wananyamaza mpaka wanaingia kaburini. Akiuliza mtu wa nje, anafukuzwa. Ila mtoto wa nyumba akiuliza mwenyewe, mbele ya ukoo, mzee anayejua hana ruhusa ya kudanganya. Ndiyo maana watu wenye akili zao hawaulizi.

Mimi nikaanza kutafuta. Wateja wangu wengi wa vitenge ni watu wa ng'ambo, na huku mpakani kila mtu ana shangazi upande wa pili. Nikauliza huyu, nikaelekezwa kwa yule, mpaka nikapata habari kwamba dada wa babu mkuu alibaki kule, na binti yake mmoja bado yu hai. Nikavuka. Nikapanda bodaboda mpaka ndani kabisa, vumbi mpaka kwenye meno. Nikamkuta bibi mdogo wa mwili, macho yameingia ukungu, anapepeta ulezi mbele ya nyumba yake.

"Mwaiseni, mjukuu," akanikaribisha. Nilipomtajia ukoo akaacha ungo, akanishika uso kwa mikono miwili, akalia. Nilikaa naye kutwa nzima. Alinieleza jinsi babu mkuu alivyoondoka baada ya kugombana na kaka zake, jinsi walivyosikia kwamba amekufa, kumbe amefyeka kilima, mpaka mama yake akavuka kwenda kumwona kaka yake. Nilifurahi kama mtoto. Halafu nikauliza kuhusu wale wana wawili.

Bibi akaurudia ungo wake. "Mjukuu, hayo si maneno ya kumwambia mtu mmoja."

"Basi ukawaambie wote, bibi. Tunajengea kaburi la babu mkuu. Nitakuja kukuchukua."

"Baba yako yu hai?"

"Yupo."

"Yeye amekutuma?"

Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mtu mzima yule, tena nikiwa nimeshiba ugali wake.

Niseme tu kwamba ile shughuli ya kaburi waliiandaa akina Amosi. Saruji, vigae, msalaba mpya, ng'ombe wa kuchinja. Kama ilivyo kwetu kwenye shughuli kama hiyo, lazima isomwe historia ya marehemu, na mimi nikaomba niisome, kwa kuwa mimi ndiye niliyeitafuta. Wakakubali. Amosi mwenyewe alinipongeza, akasema, "Huyu binti amefanya kazi ambayo sisi wanaume tumeshindwa." Nikatabasamu, na moyoni nikasema subiri.

Siku hiyo nilivaa kitenge kipya. Bibi nilimketisha mbele, kwenye kiti chenye mto. Baba alipomwona alikuja kumsalimia, akapiga magoti kama kwa mama yake. Bibi akamwuliza kitu kwa Kinamwanga, lugha yetu, taratibu. Baba akatikisa kichwa kukataa. Kisha akaniangalia. Ningekuwa na macho ya kuona, ningeona kwamba baba yangu anaogopa.

Nikasoma. Watu walipiga vigelegele niliposoma habari za msitu na mbwa. Nilipofika kwa wale wana wawili nikasimama, nikasema, "Hapa sisomi. Hapa atatueleza bibi yetu, kwa sababu yapo maneno, na maneno yakikaa sana yanaoza. Bibi, kati ya wana wale wawili, nani alikuwa wa damu ya babu, na nani aliletwa?"

Mchungaji akajikohoza, akasema mambo hayo labda yangesubiri kikao. Baba akasimama kwenye benchi la wanaume. Sijawahi kumsikia baba akipaza sauti, na siku ile pia hakuipaza. "Mwanangu, kaa chini."

Sikukaa.

Bibi akauliza, "Anayeuliza ni nani?"

"Mimi. Mtoto wa nyumba."

"Umeshauliza?"

"Nimeuliza."

Bibi akamtazama baba. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, ili wote wasikie, kwamba mwaka wa njaa walipita watu wenye kiu, wana watoto, wakitokea bondeni. Waliacha mtoto wa kiume kwa babu mkuu, wakachukua kapu la ulezi, wakaendelea na safari. Hakuna aliyewaona tena. Mtoto yule alikuwa na kovu juu ya nyusi.

Babu yangu mimi alikuwa na kovu juu ya nyusi. Kila mtu pale aliyewahi kumwona alilijua lile kovu. Mimi mwenyewe nililishika nikiwa mdogo, nikimwuliza kama linauma.

Bibi aliendelea kusema. Alisema babu mkuu alimkabidhi mtoto yule jembe lake mwenyewe, lile alilofyekea kilima, akasema huyu ni mwanangu na atakayemwita mgeni simjui. Alisema hayo yote. Lakini watu walikuwa wamekwisha kugeukiana, na nusu hiyo ya maneno hakuna aliyeibeba kwenda nayo nyumbani.

Hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Chakula kililiwa. Ila nilipokwenda kukaa na wanawake wa upande wa Amosi, walisogea kunipisha kwa adabu sana, kama mtu anavyompisha mgeni.

Mimi, niliyekwenda kutafuta mgeni!

Baba nilimkuta nyuma ya nyumba, anawafungia mbuzi. Nikaanguka miguuni pake. Nikamwuliza kama alikuwa anajua.

"Baba yangu aliniambia nikiwa mchungaji wa ng'ombe," akasema. "Alisema, kaa kwa upole, watasahau. Na walikuwa wamesahau."

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza mimi, mwanangu. Uliwauliza watu."

Nimeyageuza maneno hayo kichwani kila siku, hayana upande usiochoma. Nilivuka mpaka, nikala vumbi, nikadanganya mtu mzima, na mwenye jibu alikuwa nyumbani anachuma kahawa.

Msimu haujaisha, vijana wa Amosi waliingia kwenye kahawa yetu na vikapu. Hawakuiba, walichuma wazi wazi wakiimba. Kikao kikaitwa. Wakasema mzee tunamheshimu, akae mpaka Mungu amwite, lakini shamba ni la damu, halirithiwi na watoto wake, na kaburi lake asilitafute pale. Amosi alilia kwenye kikao kile, nakwambia kweli, alilia machozi. Lakini alikuwa amezeeka, na wenye nguvu ni vijana wake.

Nikamwambia baba twende baraza la kata, twende mahakamani, nitauza hata vitenge vyote. Akanijibu, "Nikaseme nini? Kwamba bibi kasema uongo? Hakusema uongo." Kisha akasema hawezi kukaa kwenye ardhi ya kupewa nafasi. Nilielewa kwamba maneno ya kaburini kwa mama aliyasikia vizuri kuliko mimi.

Nikamleta Tunduma, chumba cha nyuma kwangu. Mtu aliyezoea kilima, namweka mahali pa honi za malori. Alikaa mlangoni na koti lake, mvua jua. Asubuhi ananiuliza kama kahawa imeshachanua. Nami nikawa nasema imechanua, baba. Akawa anasema vizuri, mama yenu atakuwa anasikia harufu. Sikumwona akinikasirikia hata siku moja. Ningependa sana angenikasirikia.

Amefariki mwaka huu, na masika hayajakatika. Niliwatumia watu kule juu, nikaomba jambo moja tu, alale karibu na mama. Nilikubali nafasi. Niliomba kwa neno lilelile, nikasema naomba mtupe nafasi. Jibu lililetwa na kijana mkubwa wa Amosi kwa simu, kwa heshima zote: shikamoo dada, pole sana, ukoo umekaa, imeshindikana.

Bibi wa ng'ambo naye nilimpelekea habari. Alinijibu kwa mtu kwamba ananisamehe uongo, lakini nisirudi kwake kuuliza kitu kingine.

Basi wewe unayesoma hapa, hasa wewe wa mjini uliyesoma kidogo na una hela ya nauli, unayetaka kujua ukoo wenu ulianzia wapi. Sikukatazi. Ila kabla hujavuka mto wowote, kaa na mzee wako jikoni, umwulize yeye, mkiwa wawili. Akinyamaza, nyamaza naye. Na kama unatafuta ili upate la kumwumbulia ndugu yako, acha leo hii, maana mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia nikimshika baba mkono.

Tulimzika kwenye makaburi ya mji. Kulia kwake amelala dereva wa lori ambaye ndugu zake hawakupatikana. Kabla ya ibada, mzee wa kanisa alikuja na kalamu kuandaa historia ya marehemu. Akauliza jina, nikamtajia. Akauliza alibatizwa wapi, nikamtajia. Akauliza, "Na tuseme alizaliwa katika ukoo gani?"

Nikamwambia hapo aruke.