Shujaa Wangu Alivyowafukuza Wasomaji

Watoto wanane walitoka maktabani kwa dirisha. Mlango ulikuwa wazi kabisa!

Waliyemkimbia ni mtu wa kwenye karatasi. Na aliyemchora ni mimi, Bertin wa hapa mjini Baraka, Kongo.

Miezi minane nilikuwa nachora kitabu cha katuni. Shujaa wangu anaishi ndani ya ziwa, anavaa kinyago cheusi, anaruka juu ya mabati kuokoa wanyonge. Ngumi moja, majambazi chali! Nilijiona fundi kwelikweli, mpaka siku nilipokipeleka maktabani na wale watoto wakakifungua.

Sasa Mama Georgette, mkuu wa maktaba ya parokia, ndiye mwenye neno la mwisho. Akikubali, kitabu kinabaki pale watu wasome. Akikataa, miezi minane imekwenda bure.

Akaniita.

"Bertin, hii kitu ni nini?"

"Ni shujaa, mama."

"Shujaa gani? Anatoka mu mayi ya ziwa, uso amefunika, anaingia mu nyumba ya batu, hata hodi hapana! Hata jambo hapana! Huyu iko muzimu!"

Nikakifungua kitabu tena. Kurasa arobaini, na kweli jamaa hajasalimia hata mtu mmoja. Kwetu hapa hata anayekimbizwa hospitali atakusalimia kwanza. Niliona aibu, acha tu.

"Mama, unipe siku tatu."

"Nakupa mbili."

Kinyago sikukigusa. Niliongeza maneno tu: "Hodi! Jambo mama, mulilala muzuri? Batoto banaendelea?" Halafu ndiyo ngumi.

Watoto walirudi wakasoma, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama Georgette naye akacheka.

"Sasa huyu iko mutoto wa batu. Atabaki."

Nilifurahi karibu nilie!

Basi kichwa kikavimba. Kitabu cha pili nikamchora adui: sura nzuri, shati limepigwa pasi, hodi nyumba kwa nyumba. Anauliza hali ya bibi, anauliza hali ya mbuzi. Kisha anatabasamu: "Na leo muko peke yenu?"

Mama Georgette akasoma mpaka mwisho. Akakifunga kitabu taratibu.

"Bertin, mutoto wangu... leo utanisindikiza mpaka nyumbani."

Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka.

Ndugu zangu, shujaa na zimwi wanaweza kuvaa kinyago kilekile, hata kinyago cha salamu. Usimkimbie mtu kwa sababu ya sura, na usimfungulie kwa sababu ya salamu tu. Mimi mwenyewe nimemchora huyo wa salamu, na siku hizi nikisikia hodi nachungulia kwanza.